Majitu ya buluu na dakika tatu zilizopotea

*Mama, jambo. Nilinunua DVD kwa kijana anayepanga diski zake chini, pembeni ya soko la mtaa wetu wa Kenya, hapa Lubumbashi. Kwenye jalada kuna jitu la buluu lenye macho mekundu, na jina la Kifaransa: La Planète sauvage. Nikadhani ni katuni ya watoto. Binti yangu wa miaka sita alilia mapema, mama yake akamtoa. Mimi niliangalia mpaka mwisho, na sasa sina raha. Wale watu wanatembea kwa kukatakata, kana kwamba diski ina mikwaruzo. Jalada linasema dakika 72, mashine yangu inahesabu 69. Na mwisho umekuja ghafla. Wamekata nini? Na filamu ya namna hii ni ya nani?*
*Msomaji wa Katuba, Lubumbashi*

Papa, diski yako ni nzima na hakuna kilichokatwa. Nianze na zile dakika tatu. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 kila sekunde, lakini DVD zilizotengenezwa kwa tele za Ulaya hupitisha 25. Picha ni zilezile, ila zinakimbia kidogo, ndiyo maana dakika 72 zinaishia kwenye 69. Muziki nao unapanda kidogo. Mwenye sikio la kwaya atagundua.

Kutembea kwa kukatakata ni jambo lingine, na hapo ndipo penye utamu. René Laloux, mwongozaji wa filamu, na wenzake walichora kwenye karatasi, wakakata michoro, wakailaza chini ya kamera, wakapiga picha, wakabadilisha kipande, wakapiga tena. Kazi hiyo ilifanyika Prague, katika studio ya Jiří Trnka, na filamu ikatoka mwaka 1973 na kupewa tuzo maalumu katika tamasha la filamu la Cannes. Simamisha picha popote unapotaka, kisha sogea karibu na tele. Kwenye shavu la jitu utaona mistari myembamba ya kalamu iliyopishana, mingi sana, kama kwenye picha za vitabu vya zamani. Huo ni mtindo wa Roland Topor, aliyebuni sura ya ulimwengu ule wote. Mimi nayapenda majitu yale yakiwa mazito namna hiyo. Yangetembea kwa ulaini, yasingetisha hata kidogo.

Sasa kilio cha mtoto. Filamu inaanza na mama anayekimbia huku amebeba kichanga. Mkono wa buluu unashuka na kumzibia njia kwa vidole. Anageuka, unamzibia tena. Unamsukuma, unamnyanyua, unamwachia, mpaka anakufa. Ndipo kamera inapotuonyesha wenye mikono: ni watoto wa majitu, wanacheza tu. Hakuna mwenye hasira pale, na hilo ndilo linaloumiza. Binti yako alielewa vizuri kabisa alichokiona.

Majitu hayo yanaitwa Draag, na binadamu kwao ni Om, mnyama mdogo wa kufugwa. Tiwa, binti wa kiongozi wa Draag, anamwokota yule kichanga, anamwita Terr na kumfunga ukosi shingoni. Terr akikimbia, bangili ya Tiwa inamvuta kutoka mbali, anaburuzwa chini hadi miguuni pake. Halafu kuna kile kifaa cha masomo ambacho Tiwa anakivaa kichwani. Elimu inamwingia moja kwa moja, na Terr, aliyekaa kwenye kiganja chake, anaipata pia bila mtu kukusudia. Siku anapotoroka, anakiburuta kifaa hicho nyuma yake ingawa kinamzidi ukubwa.

Kila nikifika hapo nasimamisha mashine kwanza. Wazee wetu wameishi Elisabethville, Lubumbashi ya enzi za ukoloni: mji wa wazungu upande mmoja, cité ya Waafrika upande mwingine, na ukanda wa ardhi tupu katikati. Babu yangu alikuwa boyi katika nyumba ya mzungu. Kusoma alijifunza akipiga pasi, huku watoto wa nyumba wakirudia masomo yao kwa sauti kwenye meza ileile. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyefikiri kwamba ana masikio. Kisa cha Terr kimetoka katika riwaya ya Mfaransa Stefan Wul ya mwaka 1957, na waliokichora hawakuwa na habari za boyi wa Katanga. Ila Topor, mtoto wa Wayahudi waliotoka Poland, alifichwa huko Savoie, Ufaransa, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alijua maana ya kuwindwa.

Kuna vitu ambavyo filamu haifafanui, kama kile kiumbe kilicho ndani ya kizimba, kinachonasa wanyama wanaoruka, kinawatupa chini na kucheka. Usihangaike kutafuta sababu. Laloux alifanya kazi katika kliniki ya wagonjwa wa akili ya La Borde, na filamu yake Les Dents du singe ya 1960 aliitengeneza pamoja na wagonjwa. Alizoea kuacha picha ijisemee.

Kuhusu mwisho nakubaliana nawe, umeharakishwa: vita, sanamu zisizo na vichwa, amani, basi. Hilo ni kosa la filamu, si la diski. Mtoto wa miaka sita asiione, pia kuna vifua wazi. Akifika 12 au 13, kaa naye, muangalie pamoja, na umwache aulize.

*Mama, dada yangu ameniletea DVD halisi ya La Planète sauvage kutoka Brussels. Mashine inaandika kwamba zoni si sahihi. Nimeibiwa?*
*Msomaji wa Kampemba*

Hapana, dada yako hakuibiwa. Kila sehemu ya dunia ina namba yake ya DVD, ndiyo zoni: DVD za Ulaya ni zoni 2, na Kongo imewekwa zoni 5, kwa hiyo mashine inayofuata sheria inaikataa. Zile nakala za sokoni kwa kawaida hazina kizuizi hicho. Tafuta mashine inayosoma zoni zote, au tumia kompyuta, lakini uwe mwangalifu: kompyuta nyingi zinaruhusu kubadilisha zoni mara 5 tu, kisha zinabaki kwenye ile ya mwisho. Siku nyingine, kama una mashine ya Blu-ray, mwambie dada achukue diski ya Blu-ray ya Ulaya. Kwa Blu-ray, Ulaya na Afrika tuko zoni moja, B, na mara nyingi utapata dakika zako 72 kamili.