Kumfundisha mwenzako mtungi wa kuzimia moto: punguza slaidi

Ndugu, umeniambia umeandaa slaidi 45 za kuwafundisha wenzako kazini kutumia mtungi wa kuzimia moto. Kwa saa moja na watu 12, hizo ni nyingi mno. Bakiza tano. Ukimpa kila mtu dakika tatu za kushika mtungi, zimeshakwenda 36, na hizo ndizo zenye faida.

Siku moja kabla, kagua mitungi ya mazoezi: mshale wa geji (kipimo cha presha) uwe kwenye kijani, pini na lakiri (kifungo kinachoishikilia pini) ziwepo. Fanyieni nje, upepo ukiwa mgongoni. Onyesha mara ya kwanza kimya kimya. Ya pili eleza kila hatua na sababu yake: vuta pini, elekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto, bana mkono wa mtungi (kishikio cha juu), fagia kulia na kushoto. Kisha mwanafunzi afanye huku akieleza mwenyewe. Hapo utamjua anayefuata mkumbo.

Kosa kubwa ni kubana mkono wa mtungi wakati wa kuvuta pini. Pini hukwama, mtu hubabaika. Wengine hupuliza ndimi za moto badala ya chini. Mtungi wa poda wa kilo 6 huisha kwa sekunde 15 hivi, kwa hiyo hakuna nafasi ya kujaribu-jaribu.

Usiulize "mmeelewa?" Wote wataitikia, hasa bosi akiwepo. Mchague mmoja: mafuta ya kukaangia yakiwaka, kwa nini hutumii mtungi wa maji? Akisita, rudia hapo hapo. Baada ya wiki mbili, wapitie tena kwa dakika kumi.