Kila mutu "Bado: 0": shida iko mu alama moja

Swali: Mukubwa, niko huku Birere, Goma. Nilitengeneza kaprogramu ka C ka kuandika deni za batu ku duka ya mama. Niliweka `if (deni = 0) printf("Amemaliza"); else printf("Bado: %d", deni);` sasa kila mutu, hata ule mwenye hajalipa kitu, inamwandikia "Bado: 0". Na kompilateri haikulalamika. Nimekosea wapi?

Jibu: Mudogo wangu, hiyo "Bado: 0" njo inasema yote. Kama deni ni 0, juu ya nini bado? Juu `=` moja haiulize, inaweka. Masini inafika pale mu if, inafuta deni ya mutu, faranga 15000 yake inaenda hivyo, kisha inaangalia ile kitu imetoka kuweka, ni 0, na mu C 0 ni hapana, namba ingine yoyote ni ndiyo, njo kila mara inakimbilia ku else. Ungeandika `deni = 5` batu bote wangekuwa wamemaliza, na mama angekula nawe sahani moja! Weka `==`, basi.

Kompilateri ilinyamaza juu mu C hiyo si kosa, inaruhusiwa. Ukiita gcc (kompilateri ya C) na `-Wall` itakuonya, na mi sielewake mutu anaandika C bila `-Wall`. Wengine wanageuza, `if (0 == deni)`, ukisahau alama moja inakataa kabisa juu 0 haiwekwe kitu. Mi sipendi, inasomeka mubaya, na kati ya variabo mbili haisaidie.

Lakini kuna pahali `=` iko sawa: `while ((c = getchar()) != EOF)`, inasoma herufi moja moja mpaka mwisho (EOF). Zile parantezi za ndani usitoe, juu `!=` inatangulia `=`, c ingepata 1 ao 0 pahali pa herufi. Na c iwe `int`, si `char`.

Parantezi hizo njo zinaambia gcc "nimependa mwenyewe", inanyamaza. Mu 2003 mutu alijaribu kupenyeza mu kodi ya Linux (sistemi ya kuendesha masini) `(current->uid = 0)`, ukiisoma mbio unaona inauliza kama ni root (mutumiaji mwenye mamlaka yote, namba yake 0), kumbe inamufanya root! Na parantezi alikuwa ameziweka. Walimukamata mbele ya kuingia.

Sasa wewe, kama kaprogramu kaliisha kuandika zile 0 mu faili, rekebisha alama kwanza, kisha omba mama daftari yake uingize deni upya.