Jibu: Kuku wa kienyeji kubaki mgumu na supu kuwa nyepesi

Habari ya jioni, dada. Umeeleza kwamba jogoo wa kienyeji uliyemchemsha kwa dakika 40 alibaki mgumu na supu ikawa kama maji. Kwanza angalia moto: ukichemsha kwa fujo nyama hukaza, kwa hiyo upunguze hadi mapovu yapande moja moja, ufunike sufuria na umwache kwa saa 2 hivi, kwani hapa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 94 tu. Mimi hutia maji ya kufunika nyama basi, pamoja na miguu na shingo, ambavyo huipa supu uzito hadi midomo inanata. Tangawizi huingia mwanzoni, dania mwishoni kabisa.