Fundi Anajibu: Stepla ya Upepo kwa Viti vya Nyumbani

SWALI: Fundi, hongera kwa kazi. Nina viti sita vya mezani na kochi moja lililochanika kitambaa kwenye mikono. Nilianza na stepla ya kubana kwa mkono. Vidole vimevimba, na pini nyingi zimeishia katikati, hazikuzama. Nifikirie stepla ya upepo? Ya aina gani? Nyumbani kuna pampu ya kujazia tairi. – Mama Watatu

JIBU: Mama Watatu, pole sana na vidole. Fremu za viti mara nyingi ni mbao ngumu, na hapo stepla ya mkono huchosha mtu bure. Zile ndogo za umeme nazo hukwama kwenye mbao za namna hiyo. Nunua ya upepo, ile inayopiga pini kwa nguvu ya upepo wa kompresa, utafurahia kazi.

Ila kabla ya kuichagua mashine, chagua pini, kwa sababu kila stepla ina pini zake na haikubali nyingine. Kwa makochi utakutana zaidi na namba 71 na namba 80. Ya 71 ina mgongo (ile sehemu bapa ya juu inayounganisha miguu miwili) wenye upana wa milimita 9 hivi na waya mwembamba. Ya 80 mgongo wake unakaribia milimita 13. Mimi nakushauri 71. Ukingo wa kikalio cha kiti cha mezani ni mwembamba, na pini nyembamba haipasui mbao kirahisi. Lakini ukiona madukani kwenu 80 ndiyo imejaa na 71 ni ya kutafuta kwa tochi, chukua 80 bila wasiwasi. Stepla isiyo na pini ni chuma tu.

Urefu wa miguu ya pini: milimita 8 au 10 zinatosha kitambaa kwenye mbao ngumu. Mikanda ya chini ya kochi, ile inayobeba uzito wa mtu, ipe 12 au 14.

Halafu tazama pua ya stepla, pale pini inapotokea. Kwa viti vya mezani pua fupi inatosha kabisa, maana unageuza kikalio na kila kitu kiko wazi. Kwenye kochi, pale mkono unapokutana na mgongo, pua fupi haifiki. Itagonga fremu na pini itaingia upande. Kwa kuwa una kochi, lipia pua ndefu. Zipo pia zinazomwaga pini mfululizo ukishikilia kitufe. Hizo waachie wenye viwanda. Wewe unahitaji pini moja kwa kila mbonyezo, upate nafasi ya kuvuta kitambaa na kukinyoosha.

Pampu yako sasa. Kama ni ile ya kuchomeka kwenye gari, isiyo na tangi, haifai. Unahitaji kompresa yenye tangi, hata dogo, kwa sababu stepla hii hula upepo kidogo sana.

Usiipige kwenye kiti mara moja. Tafuta kipande cha mbao kama ya kiti chako, kunja juu yake kitambaa kile kile, anza na presha ya psi 60. Piga, kisha inama uangalie kwa karibu. Mgongo wa pini ulale juu ya kitambaa, ukikibana tu. Ukiweza kupenyeza ukucha chini yake, ongeza presha kidogo kidogo, bila kupita kiwango kilichoandikwa kwenye mashine. Ukiona nyuzi zimekatika na pini imezama ndani ya kitambaa, punguza. Kitambaa kilichokatwa namna hiyo kitaachia siku mtu akikalia kwa kishindo, na mshono wako mzuri utakuwa umeharibika kwa sababu ya presha tu.

Vaa miwani ya kinga. Dondoshea matone mawili ya mafuta ya vifaa vya upepo kwenye tundu la stepla unapochomeka mpira wa upepo kabla ya kazi. Pini ikikwama, chomoa mpira wa upepo kwanza, ndipo ufungue pua. Hilo usilifanyie haraka hata kama imebaki pini moja kumaliza kiti.