Maswali ya Wasomaji: Je, Scritti Politti Waliuza Msimamo Wao?

SWALI: Ndugu Mwandishi, pokea salamu zangu. Juzi nilisikiliza kwa mfuatano santuri ya kwanza ya bendi ya Uingereza iitwayo Scritti Politti, iliyotoka mwaka 1978, na albamu yao ya mwaka 1985, nikashindwa kuamini kwamba anayeimba ni mtu yule yule. Ile ya kwanza inakwaruza masikio, na hii ya pili ni laini kiasi cha kuweza kupigwa harusini. Rafiki yangu anasema jibu ni jepesi: walionja fedha wakauza msimamo wao. Je, ni kweli? Je, walikuwa peke yao katika mabadiliko hayo? Na anayetaka kuwaelewa aanzie wapi? – Msomaji, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako ameshika jambo moja akaacha mengi. Green Gartside, mwimbaji na mtunzi wa bendi hiyo, hakuficha kwamba alitaka nyimbo zake zipigwe redioni na ziingie kwenye chati. Hata hivyo, uamuzi wa kubadili muziki aliufikia kabla hajawa na mkataba wowote na kampuni kubwa, na aliufikia akiwa mgonjwa, mbali na London na mbali na wenzake.

Scritti Politti ilianzishwa mjini Leeds mwaka 1977 na vijana waliokuwa wakisomea sanaa. Gartside alipiga gitaa na kuimba, Nial Jinks akashika besi, Tom Morley akapiga ngoma, na jina la bendi wakalitohoa kutoka kwenye maandishi ya kisiasa ya Antonio Gramsci, Mkomunisti wa Italia. Walipohamia London waliishi Camden katika nyumba waliyojiingilia bila kulipa kodi ya pango, na nadharia ilijadiliwa humo kwa bidii ile ile waliyoitumia kupiga muziki. Kasha la santuri yao ya kwanza, "Skank Bloc Bologna", linafaa kutazamwa kwa makini. Badala ya kujipamba kwa picha zao, walichapisha juu yake mchanganuo wa gharama za kuitengeneza, yaani studio, kufyatua santuri, lebo na uchapaji wa kasha, ili kijana mwingine yeyote aone kwamba kazi hiyo haihitaji tajiri wala wakala. Nisingependa mtu alicheke kasha lile kwa kulidhania ni utoto, kwa sababu lilikuwa somo la uchumi lililouzwa pamoja na wimbo.

Katika wimbo wenyewe gitaa linakatika kabla wazo halijaisha na ngoma zinasitasita, lakini besi inatembea kirege waziwazi. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba Gartside aliuvamia muziki wa watu weusi ghafla alipoutamani umaarufu. Rege na dabu, yaani rege inayochanganywa upya studioni kwa mwangwi na besi nzito, zilikuwamo tangu siku ya kwanza, ila zilikuwa zimefunikwa na mikwaruzo.

Mapema mwaka 1980, baada ya onyesho la Brighton ambako walipiga pamoja na bendi ya Gang of Four, Gartside aliugua ghafla hata ikadhaniwa kwamba ni moyo, kumbe lilikuwa shambulio la hofu kali, na maisha ya kutojitunza hayakuwa yamemsaidia. Alirudi kwao Wales kujiuguza, na huko akatumbukia katika soul na fanki ya Marekani, muziki ambao wanapanki wengi, yaani wafuasi wa roki ya mikwaruzo ya miaka ile, walifundishana kuudharau kwa kuuona ni burudani tupu. Kisha akaandika kurasa nyingi za hoja kuwaeleza wenzake kwa nini bendi igeuke. Sijui mwanamuziki mwingine wa pop aliyelazimika kujitetea kwa maandishi ya kinadharia ili aruhusiwe kumpenda Aretha Franklin, malkia wa soul!

Kwa ufupi, hoja yake ilikuwa kwamba muziki hauwi mkweli kwa sababu tu ni mgumu kuusikiliza. Mikwaruzo iliyokusudiwa kuvunja mazoea ilikuwa imegeuka mazoea, ikawa mtindo wa kikundi kidogo kinachotambuana kwa ladha yake. Wimbo wa mapenzi, unaoimbwa na watu wengi bila kuuhoji, ulimfaa zaidi mtu aliyetaka kuuliza maswali yale yale kuhusu lugha, tamaa na mamlaka. Naona hoja hiyo ni nzito, na nyimbo zinaithibitisha kuliko kurasa zake. Katika "The 'Sweetest Girl'" wa mwaka 1981, mashine ya ngoma inapiga rege ya polepole, Robert Wyatt yuko kwenye kinanda, na sauti ya Gartside imepanda juu, nyembamba, kama ya mtu anayembembeleza mpenzi, ilhali katikati ya maneno ya mahaba siasa na sayansi zinajitokeza bila kubisha hodi. Albamu iliyofuata, Songs to Remember ya mwaka 1982, ilitolewa na Rough Trade, kampuni ndogo ya kujitegemea, ikafika nambari 12 nchini Uingereza. Humo kuna waitikiaji wa kike wanaoimba kwa namna ya kanisani, na kuna wimbo uliopewa jina la mwanafalsafa Jacques Derrida. Msimamo, basi, haukuwa umeuzwa. Kilichobadilika ni mavazi yake.

Fedha nyingi zilikuja baadaye. Jinks na Morley walikuwa wameondoka, na Gartside, ambaye sasa alikuwa na mkataba wa kampuni kubwa ya Virgin, alikwenda New York kufanya kazi na David Gamson kwenye vinanda na Fred Maher kwenye ngoma. Baadhi ya nyimbo zilisimamiwa na Arif Mardin, mtayarishaji yule yule aliyefanya kazi na Aretha Franklin katika kampuni ya Atlantic, ukiwamo "Wood Beez" wa mwaka 1984, ambao jina lake kamili linamtaja Aretha. Albamu ya Cupid & Psyche 85 ilijengwa noti kwa noti. Ukitega sikio utagundua kwamba hakuna chombo kinachopiga mfululizo: gitaa linatoa sauti moja fupi, kinanda kinaijibu, besi ya kompyuta inajaza pengo, na sikio lako ndilo linaloviunganisha vipande hivyo vikawa mdundo mmoja. "The Word Girl", wenye rege ndani yake na mchango wa msanii wa rege Ranking Ann, ulifika nambari 6 Uingereza. "Perfect Way" ulifika nambari 11 Marekani. Mwaka 1986 Miles Davis, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, aliupiga upya huo wa pili katika albamu yake ya Tutu, na miaka miwili baadaye akapiga tarumbeta yake katika wimbo wa Scritti Politti wenyewe.

Rafiki yako pia amesahau jukwaa. Baada ya Brighton, Gartside hakupanda tena jukwaani mbele ya watu na bendi yake hadi mwaka 2006. Mtu asiyeweza kusimama mbele ya hadhira atauhamishia muziki wake wote studioni, na muziki wa studio wa miaka ile ulikuwa wa mitambo na wa gharama kubwa. Ulaini ule, kwa kiasi fulani, ni matokeo ya hofu.

Hawakuwa peke yao. Katika Glasgow bendi ya Orange Juice, ambayo mpiga ngoma wake, Zeke Manyika, alitoka Zimbabwe, ilichanganya magitaa ya panki na upenzi wao kwa Chic, bendi ya disko ya Marekani, na mwaka 1983 wimbo wao "Rip It Up" ukafika nambari 8. Vijana wa Sheffield waliokuwa wakijiita Vice Versa walijigeuza kuwa ABC, na albamu yao ya mwaka 1982 ilishika nambari moja. Hao walikwenda haraka kuliko Gartside, na wala hawakuandika insha.

Kuhusu pa kuanzia, usianze na mwanzo wala na 1985. Anza na Songs to Remember, ambamo mikwaruzo na ulaini bado vinagombana na ngoma nyingi zinapigwa na mikono ya watu. Ukishaizoea, rudi kwenye "Skank Bloc Bologna", kisha sogea mbele hadi Cupid & Psyche 85 na uisikilize kwa visikizi, si kwa spika ya simu, vinginevyo nusu ya kazi itakupita. Albamu ya Provision ya mwaka 1988 iweke mwisho. Imesuguliwa mno, na hata tarumbeta ya Miles Davis imo humo kama mgeni aliyekosa kiti. White Bread Black Beer ya mwaka 2006, aliyoirekodi nyumbani kwake, itakufaa zaidi.