Muulize Mwalimu: Saa 57 Zimetoka Wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Kariakoo, jioni nasoma ili nifanye mtihani wa QT, yaani mtihani wa maarifa. Fumbo hili limenishinda: "Mfanyakazi hulipwa shilingi 2,000 kwa saa ya kawaida, na mara moja na nusu ya hiyo kwa saa ya ziada. Wiki moja alifanya kazi saa 53, akalipwa shilingi 114,000. Saa za ziada zilikuwa ngapi?" Nimegawa 114,000 kwa 2,000 nikapata 57. Mtu anafanyaje kazi saa 53 akalipwa saa 57?

JIBU: Marahaba, fundi. Swali lako hilo la mwisho ni zuri kuliko lile la kwenye karatasi, basi tuanze nalo. Mlinganyo utasubiri.

Hiyo 57 usiifute. Inakwambia kwamba pesa aliyopata ingetosha kulipia saa 57 kwa bei ya kawaida. Kazini alikaa saa 53. Zimezidi 4, na haziwezi kutoka popote isipokuwa kwenye ile "na nusu". Kila saa ya ziada inamletea malipo ya saa yenyewe na ya nusu saa juu yake. Nusu ngapi zinafanya 4? Nane. Saa za ziada ni 8, za kawaida 45. Ulikuwa umelishika jibu mkononi ukadhani umekosea.

Msahihishaji, hata hivyo, anataka kuona njia. Anza kwa maneno: "x ni idadi ya saa za ziada." Usiandike "x = ziada", maana ziada yaweza kuwa saa na yaweza kuwa pesa. Hapo ndipo wanafunzi wangu wa tuisheni kule Temeke wanapozama: mstari wa kwanza x ni saa, mstari wa tatu imeshakuwa shilingi, na mwenyewe hana habari. Saa zilizobaki, 53 − x, ni za kawaida. Saa ya ziada ni shilingi 3,000. Kwa hiyo:

2,000(53 − x) + 3,000x = 114,000
106,000 + 1,000x = 114,000
x = 8

Hakiki: 45 × 2,000 ni 90,000, 8 × 3,000 ni 24,000, jumla 114,000. Wapo walimu watakaokutaka utumie x na y na milinganyo miwili. Si vibaya, ila ni kumaliza wino bure.

Na hiyo 45 nadhani haikuokotwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kuwa kikomo cha saa za kawaida kwa wiki, na ziada isilipwe chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi.

SWALI: Mwalimu, nauza duka Sinza. Mshahara wangu wa msingi ni 390,000 kwa mwezi, saa 45 kwa wiki. Wiki iliyopita nilibakizwa saa 1 na dakika 40 kila siku, siku 6. Nimepewa 25,200. Ni halali yangu yote?

JIBU: Hapana dada, bado unadai 4,800.

Kwanza tupate bei ya saa yako. Kisheria mwezi huhesabiwa kuwa wiki 4.333. Zidisha kwa 45, unapata karibu 195. Gawa 390,000 kwa 195: shilingi 2,000. Saa ya ziada basi ni 3,000.

Sasa nikarudi kinyumenyume kwenye hesabu ya bosi wako. 25,200 ukigawa kwa 3,000 ni 8.4, ukigawa tena kwa siku 6 ni 1.40. Umeona? Saa 1 na dakika 40 ameiandika 1.40, kana kwamba saa ina dakika 100. Kikokotoo cha simu hakijui dakika. Badili zote ziwe dakika: 100 kwa siku, mara 6 ni 600, yaani saa 10 kamili. 10 × 3,000 ni 30,000. Mpelekee karatasi yenye mistari hiyo, tena asubuhi kabla wateja hawajajaa. Mimi siamini ni wizi. Kosa hili nalikuta hata kwenye madaftari ya Kidato cha Nne.

SWALI: Nahudumu mgahawani Mbagala. Naingia saa 10 jioni natoka saa 4 usiku. 4 toa 10 inanipa hasi 6!

JIBU: Saa zetu zikifika 12 zinaanza upya, kwa hiyo iongezee 4 hiyo 12: 16 − 10 = 6. Lakini angalia kitu kingine. Kwa sheria hiyohiyo, kazi ya usiku ni ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa yake huongezwa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Wewe unazo mbili. Kama saa yako ni 2,000, siku moja ni 6 × 2,000 + 2 × 100, yaani shilingi 12,200.