Bima Inapokataa Kulipia Meno Yaliyoharibiwa na Tiba ya Saratani

Mgonjwa wa saratani ya kichwa na shingo anapopewa tiba ya mionzi, tezi za mate nazo huathirika. Mate hupungua, na meno yasiyopata kinga ya mate huoza upesi karibu na ufizi. Mfupa wa taya hupoteza sehemu ya mishipa yake ya damu, hivyo kung'oa jino moja tu kunaweza kuacha kidonda kisichopona. Hayo yalimfika mume wangu hapa Minnesota, Marekani. Bima yake ya afya ikasema hilo ni suala la meno. Bima ya meno ikasema ni suala la saratani.

Kilichotusaidia zaidi ni barua ya daktari wa mionzi, kuliko hata ile ya daktari wa meno. Mwombe aandike kiasi cha mionzi kilicholifikia taya, hali ya meno ilivyokuwa kabla ya tiba, na aeleze bayana kwamba uharibifu huu umetokana na tiba ambayo bima hiyohiyo iliigharamia. Ambatisha picha za eksirei za kabla na za baada.

Usiridhike na jibu la simu. Dai barua inayotaja kifungu kilichotumika kukukatalia. Chini ya sheria ya afya ya Marekani ya 2010, kwa kawaida una siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni, na una haki ya kupewa nakala ya jalada lako bila malipo. Ukikataliwa tena, una miezi minne ya kuomba mapitio ya mchunguzi huru, ambaye uamuzi wake kampuni hulazimika kuutii. Wengi hukwama hapo, kwa sababu mara nyingi mapitio hayo husikiliza ubishi wa kitabibu, si ubishi wa maneno ya mkataba peke yake; kwa hiyo hoja ya tiba lazima ijengwe tangu rufaa ya kwanza. Sisi tulilipiwa ung'oaji na matibabu ya taya, lakini meno ya bandia tuliyagharamia wenyewe, na bado naona si haki.

Wazee wetu walio kwenye Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani ambayo hasa ni ya wazee, wana njia nyingine. Sheria ya 1965 iliyoianzisha iliyaacha meno nje, ila tangu 2024 Medicare hulipia madhara ya kinywa yanayofuata tiba ya saratani ya kichwa na shingo. Kabla ya kupanga miadi, uliza kama daktari wa meno amesajiliwa na Medicare, kwani asiyesajiliwa hawezi kuwasilisha madai hayo.